Kabla hujaingia kwenye ugomvi wa hadithi ya Star Fox

Star Fox ni mfululizo wa gemu za Nintendo za kupiga risasi angani, na shujaa wake ni Fox, mbweha rubani. Star Fox Zero ilipotoka Aprili 2016 kwenye konsoli ya Wii U, mashabiki walikuwa wameisubiri gemu mpya ya mfululizo huu kwa karibu miaka kumi. Furaha haikudumu. Muda si mrefu malalamiko yakatapakaa: Fox yule yule, baba yule yule aliyepotea kwenye sayari ya Venom, adui Andross yule yule anayetaka kuuteka mfumo wa nyota wa Lylat, jenerali yule yule anayeomba msaada. Tumeshasimuliwa hii, walisema. Wengine wakawajibu kwamba gemu ya kupiga risasi angani haihitaji hadithi, kazi yako ni kuruka na kulenga, basi.

Nimekaa ndani ya mabishano haya kwa muda mrefu, nikiyasoma, nikiyajibu, na nikiwafundisha vijana wa kwetu kucheza gemu zenyewe. Ninachoandika hapa ni kwa ajili yako wewe uliyevutiwa na Star Fox hivi karibuni, ukaenda kutafuta watu wa kuzungumza nao, ukakuta watu wazima wanagombana kuhusu mbweha anayeendesha ndege. Usiingie kichwa kichwa. Wana sababu, na sababu hiyo inaeleweka ukiijua.

Naisema mapema: hasira ya 2016 haikutokana na udogo wa hadithi. Hadithi ya Star Fox imekuwa ndogo tangu siku ya kwanza, na tuliipenda hivyo hivyo. Kilichouma ni kufutiwa. Watu walikuwa wamewaona wahusika hawa wakikua, wakizeeka, wakipendana na kuachana, halafu wakaambiwa turudi mwanzo, hayo yote tuyaweke pembeni. Ukilishika hilo, utayaelewa maoni mengi ambayo kwa juu juu yanaonekana kama kelele tu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na Star Fox 64 ya mwaka 1997, hata kama siyo ya kwanza kutoka. Ya kwanza ni ya 1993, kwenye Super Nintendo, iliyotengenezwa na Nintendo pamoja na kampuni ya Kiingereza ya Argonaut, ikiwa na chipu ya Super FX ndani ya katriji ili konsoli ile iweze kuchora maumbo ya pande tatu. Ni gemu ya heshima kubwa. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, ameshaeleza kwamba wazo la mbweha na la kupita chini ya matao lilitokana na hekalu la Fushimi Inari kule Kyoto, lenye malango mekundu yaliyopangwa kwa maelfu na sanamu za mbweha. Lakini hadithi iliyowafunga watu moyo ni ile ya 64, ambayo nayo ilisimulia upya mambo ya 1993. Hili la kusimulia upya, kwa hiyo, halikuanzia 2016. Tofauti ni kwamba mwaka 1997 hapakuwa na mengi ya kufuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Andross, mwanasayansi aliyeingiwa na wazimu, anafukuzwa kutoka sayari ya Corneria na Jenerali Pepper na kupelekwa Venom, sayari kavu isiyo na kitu. Baada ya miaka mitano jenerali anaona dalili mbaya kutoka huko. Anatuma timu ya Star Fox: James McCloud, ambaye ni baba yake Fox, Peppy Hare na Pigma Dengar. Pigma anawasaliti. James na Peppy wanakamatwa, Peppy anaponea chupuchupu, anarudi nyumbani kumweleza kijana Fox yaliyompata baba yake. Miaka michache baadaye Andross anaishambulia Lylat, na Fox ndiye anayeongoza timu, akiwa na Peppy na marubani wenzake Falco na Slippy. Maelezo hayo yanachukua dakika chache tu kabla hujaanza kuruka.

Yaliyobaki unayapata redioni, na hapa ndipo wengi wa wanaocheza kwa mara ya kwanza wanapoteza nusu ya gemu. Wanapunguza sauti. Wanaruka maandishi. Naomba usifanye hivyo. Katika Star Fox 64 hadithi inasimuliwa wakati unapigana, na inabadilika kulingana na unavyopigana. Pale Corneria, ukimwokoa Falco na maadui wanaomfukuza kisha ukapita chini ya matao yote ya mawe yaliyo juu ya bahari, anakuonyesha njia ya siri kwenye maporomoko ya maji, na safari yako inageuka. Kule Sector X, ukichelewa kumshinda bosi, yaani adui mkuu wa steji, anampiga Slippy kofi la chuma na kumtupa hadi sayari ya Titania, na sasa inabidi uende jangwani na kifaru cha kivita kumtafuta rafiki yako. Hakuna aliyekusimamisha akakusomea somo la urafiki. Umepungukiwa mtu mmoja kwenye kikosi, na ni kwa sababu yako.

Kuna njia mbili za kufika Venom, na ukipita ile nyepesi unaishia kupigana na Andross wa bandia, halafu unamwona akicheka angani. Wapo waliomaliza hivyo, wakaiweka chini, wakaandika kwamba hadithi haina kitu. Pitia steji ya Area 6, kwenye njia ile ngumu. Ni ngumu, utarudia, lakini pita huko. Kabla ya kumfikia Andross mwenyewe utakutana na Star Wolf, kikosi cha marubani maadui ambacho Pigma yumo, na Pigma atamkejeli Fox kwa kumkumbusha jinsi baba yake alivyolia kabla ya kufa. Nadhani hakuna maneno mabaya zaidi ya hayo katika mfululizo mzima, na yanasemwa haraka sana, katikati ya milio ya risasi, kiasi kwamba mtu asiyesikiliza atayakosa.

Mpwa wangu aliyafikia hayo akiwa amekaa sakafuni mbele yangu, nami nikanyamaza makusudi. Alimshinda Andross, ubongo wenye macho mawili, kisha mlipuko ukaanza na kila kitu kikawa moto. Mara mbele yake ikatokea ndege nyingine, na sauti ya mtu mzima ikamwambia amfuate. Njia zinagawanyika mle kwenye handaki, na ndege ile inaonyesha upande wa kushika huku moto unakuja kwa nyuma. Mpwa wangu akaacha kubonyeza vitufe vya risasi. Akaniuliza bila kugeuka, “Mjomba, huyu si baba yake? Si alishakufa?” Sikumjibu. Akatoka nje ya sayari, akatazama kulia na kushoto, ile ndege haipo. Peppy akamuuliza Fox kuna nini. Fox akajibu hakuna kitu.

Hiyo ndiyo hadithi iliyofanya watu wang’ang’anie mfululizo huu. Mistari michache tu. Haielezi kama James ni mzimu, ni kumbukumbu, au ni mtu aliye hai aliyejificha. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mashabiki wa Star Fox wanadai riwaya ndani ya gemu ya kupiga risasi, mwambie hapana, wanajua vizuri kinachoweza kufanywa kwa maneno machache, kwa sababu walishakiona.

Baada ya hapo mambo yakapanuka, na kila hatua iliwagawa watu. Mwaka 2002 ikaja Star Fox Adventures ya GameCube, iliyotengenezwa na Rare. Ilianza kama gemu nyingine kabisa iitwayo Dinosaur Planet, yenye mashujaa wawili, Sabre na Krystal, kabla Fox hajaingizwa ndani. Ndiyo maana muda mwingi unatembea kwa miguu na fimbo mkononi kati ya dinosaria, badala ya kuwa angani. Fox amekua, Falco ameondoka kwenye timu, Peppy anaonekana mzee, na Krystal anakaa amefungwa ndani ya jiwe la kioo sehemu kubwa ya kisa. Mwishoni kabisa Andross anachomoza tena bila kutayarishiwa njia. Mashabiki walilalamikia hilo na bado wanalilalamikia, nami niko upande wao. Adui mliyekuwa mkijiandaa kumkabili safari nzima, Jenerali Scales, anaondolewa mbele ya macho yako ili kumpisha mzee wa zamani. Lakini ndani ya gemu hiyo hiyo tulimpata Krystal, na kwa mara ya kwanza tukamwona Fox akibabaika mbele ya mtu.

Star Fox Assault ya 2005, iliyotengenezwa na Namco, ndiyo naipendekeza ifuate. Nyingine ruka kwanza ukibanwa na muda, hii usiruke. Adui ni mpya, Aparoid, viumbe wa chuma wanaoambukiza mashine na watu. Pigma anaambukizwa. Jenerali Pepper anaambukizwa, na unalazimika kumpiga risasi mtu aliyekuajiri. Karibu na mwisho Peppy anaichukua Great Fox, meli ambayo ndiyo nyumbani kwa timu tangu enzi za James, na kuigongesha kwenye ngao ya adui ili vijana wapite. Yeye na roboti ROB wanaokoka. Meli haikuokoka. Ukicheza Assault mara tu baada ya 64 utaona uzito wa jambo hilo: mzee aliyenusurika Venom na kumwacha rafiki yake nyuma, safari hii anataka kuwa yeye wa kubaki.

Kisha ikaja Command ya Nintendo DS, mwaka 2006, kazi ya Q-Games. Kampuni hiyo ya Kyoto ilianzishwa na Dylan Cuthbert, mmoja wa vijana wa Argonaut walioijenga Star Fox ya kwanza. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Timu imesambaratika. Peppy sasa ni jenerali. Fox na Krystal wameachana, na Krystal anaweza kujiunga na Star Wolf, maadui wa siku zote. Gemu ina miisho tisa, na haikubaliani na yenyewe. Katika mmoja wapendanao wanarudiana, katika mwingine Fox na Falco wanakuwa madereva wa mashindano, katika mwingine Krystal anabadilisha jina na kutokomea akiwa mwindaji wa kulipwa.

Kama utakaa na mashabiki, utakuta Krystal ndiye anayewasha moto. Kuna wanaompenda kwa dhati, kuna wanaoona alikuja kuwavuruga, na kuna wanaowacheka wote wawili. Ushauri wangu: usiwe kwenye kundi la wanaocheka. Wengi wa wanaomtetea walikutana naye wakiwa watoto, na kumwona akigeuzwa kuwa mtu mchungu bila maelezo ya kutosha kuliwaumiza. Mimi mwenyewe siamini kwamba kuachana kwao lilikuwa kosa la uandishi. Watu huachana. Kasoro ya Command ni kwamba ilitoa milango tisa bila kusema mlango upi uko wazi, na kwa hiyo aliyeshika mwisho wake mmoja na kuupenda hakuwa na uhakika kama ameshika kitu. Mashabiki wakabaki miaka wakijadiliana mwisho upi ndio wa kweli, wakitumaini gemu itakayofuata itaamua.

Iliyofuata ilikuwa Star Fox 64 3D, 2011, ambayo ni 64 iliyorembwa upya kwa ajili ya 3DS. Na baada yake Zero. Miyamoto alieleza mapema, 2015, kwamba Zero si mwendelezo. Hakumficha mtu. Lakini mtu aliyekaa tangu 2006 akisubiri jibu, akiambiwa swali lenyewe halipo tena, huwezi kumlaumu akikasirika. Hapo ndipo unapopaswa kuwa makini unaposoma maoni ya wakati ule, kwa sababu yamechanganya vitu viwili tofauti.

Kitu cha kwanza ni mikono. Zero ilichezwa kwa skrini mbili: televisheni ilikuonyesha ndege kwa nyuma, na kioo cha GamePad, kidhibiti cha Wii U chenye skrini yake, kilikuonyesha mtazamo wa rubani, huku ukilenga kwa kukiinamisha kidhibiti chenyewe. Macho yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Baadhi yetu tulizoea na tukaona raha yake, hasa kwenye mapambano ya mabosi ambapo unaweza kuruka upande mmoja na kupiga upande mwingine. Wengine hawakuzoea kamwe, na mtu ambaye mkono unamuuma na ndege inagonga ukuta hawezi kuisikiliza hadithi yoyote kwa moyo mweupe. Kitu cha pili ni hadithi yenyewe. Unaposoma maoni makali ya 2016, jiulize kwanza huyu analalamikia nini. Mara nyingi nimekuta mtu anaandika aya tatu za kuiponda hadithi, halafu ya nne inafichua kwamba aliacha njiani kwa sababu ya vidhibiti. Maoni yake ni halali, ila si ushahidi kuhusu hadithi.

Ukishatenganisha hivyo, yanabaki malalamiko machache yenye uzito. La kwanza ni hilo la kufutiwa. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba Zero ilikuwa na kitu kipya mkononi na ikakitumia kidogo. Andross wa humo ana teknolojia ya kuhamisha vitu kutoka sehemu moja ya anga hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua, na steji kadhaa zinaitumia vizuri. Hilo pekee lingeweza kubadilisha maana ya kupotea kwa James. Kama mtu anaweza kutupwa mahali pengine, basi swali la mpwa wangu linapata maana nyingine kabisa. Gemu inaligusa na kusonga mbele.

Lakini nisikudanganye kwamba hamna la kugusa moyo. Satoru Iwata, rais wa Nintendo, alifariki Julai 2015, kazi ya gemu hii ikiwa inaendelea. Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameonekana kwenye onyesho la E3 akiwa katika umbo la mwanasesere, pamoja na Miyamoto, wakiitambulisha Star Fox Zero. Ukimaliza gemu, majina ya watengenezaji yanapita, na mwisho kuna maandishi yanayoitoa gemu hiyo kwa rubani mwenzao aliyeanguka vitani. Mashabiki waliolisoma hilo walinyamaza kwa muda, hata wale waliokuwa wakali. Nakushauri usilitafute kwenye video. Cheza ufike.

Na tazama mashabiki hawa hawa walivyopokea Star Fox 2. Gemu hiyo ilikuwa imekamilika katikati ya miaka ya tisini, ikafutwa, kisha Septemba 2017 Nintendo ikaitoa ndani ya ile konsoli ndogo ya Super Nintendo. Ni fupi, picha zake ni pembetatu zinazotetemeka, hadithi yake ni Andross amerudi tena. Watu waliifurahia mno. Walikutana rasmi na Miyu na Fay, marubani wawili wa kike ambao kwa miaka zaidi ya ishirini walijulikana kwa picha na uvumi tu. Waliona kwamba ile mashine ya Zero inayotembea kwa miguu miwili ilizaliwa humo. Hakuna aliyelalamika kwamba kisa ni kilekile, kwa sababu hapa walikuwa wanarudishiwa kitu. Mwaka uliofuata kampuni ya Ubisoft ikaweka timu ya Fox ndani ya gemu yake ya Starlink kwenye konsoli ya Switch, na kazi yao ikawa kumsaka Wolf, kiongozi wa Star Wolf, katika mfumo mwingine wa nyota. Nimesikia mashabiki wengi wakisema kisa hicho kidogo cha pembeni kiliwaridhisha kuliko Zero, nami nakubaliana nao: Wolf ana nia yake, Fox anamfahamu vizuri, na hakuna aliyejifanya hawajawahi kukutana.

Basi, unapotaka kuandika maoni yako, taja mahali. Usiseme hadithi ni mbovu. Sema ni steji gani, nani alisema nini redioni, ulitegemea nini na ukapata nini. Maoni ya namna hiyo hujibiwa kwa hoja hata na wanaokupinga. Usihukumu kwa trela, wala kwa mwisho mwepesi. Usiwaandikie watengenezaji matusi. Nimeona wakitukanwa kwa uamuzi ambao huenda wengi wao hawakuupanga, na hakuna gemu iliyowahi kuboreshwa kwa njia hiyo. Na andika kwa Kiswahili. Tuko wengi tunaocheza gemu hizi na kuzijadili kwa Kiswahili sebuleni, lakini maandishi yetu ni machache mno, na kijana anayeanza leo analazimika kujifunzia mapenzi yake kwa lugha ya watu wengine.

Kuhusu kupata gemu zenyewe, ya 1993, Star Fox 2 na 64 zinapatikana kwenye Switch kwa wanaolipia huduma ya mtandaoni, ila 64 inataka kile kifurushi cha juu. Assault na Command utahitaji konsoli za zamani, na bei za gemu hizo zikiwa mtumba si ndogo, kwa hiyo azima kwa mtu kama unaweza.

Mkiniuliza ningependa nini gemu nyingine ikija, ningeomba ianze kesho yake baada ya Assault. Great Fox imeungua. Peppy amepumzishwa kwa lazima na anachukia kupumzika. Krystal ni mgeni kwenye timu ambayo haina tena meli ya kulala, Falco anazungumzia kuondoka, na Slippy ndiye pekee anayejua namna ya kujenga meli nyingine. Andross hayupo. Wape bili za kulipa na kazi ndogo za kukubali au kukataa, kisha wafungue redio.